Samaki wangu wamegoma kukua: kidimbwi cha Luanda na gorogoro mbili za kila siku

Mama mmoja wa Luanda, Kaunti ya Vihiga, ameniandikia kuhusu kidimbwi alichoachiwa na marehemu mumewe. Nafupisha barua yake. Kidimbwi kina mita 15 kwa 20. Desemba alinunua vifaranga 1,000 wa tilapia akawamwaga humo, na tangu siku hiyo amewapa gorogoro moja (mkebe wa kilo mbili hivi za mahindi) ya pumba za mchele na omena (dagaa wa ziwani) iliyosagwa asubuhi, nyingine jioni, bila kukosa. Maji ya kijito huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili usiku na mchana. Wiki za kwanza aliokota wafu wengi. Aprili, mvua ilipochafua kijito kwa tope, aliziba mfereji. Siku mbili za mawingu zikafuata, na alfajiri ya tatu akakuta samaki wakubwa wanaelea midomo wazi. Sasa ni Agosti, mwezi wa nane, na walio wakubwa hawajazidi kiganja, huku kidimbwi kikiwa kimejaa vidagaa, yaani visamaki vidogo, visivyohesabika. Anauliza: "Niwape chakula gani ili wakue?" Pia anataka kujua kama vifaranga wa dume watupu, wale wanaotengenezwa kwa dawa, ni salama kwa mlaji.

Mama, pole sana kwa hasara hiyo. Mtu asiyekosa kulisha asubuhi na jioni kwa miezi minane si mvivu wala si mzembe, na ndiyo maana nataka nikujibu kwa kirefu. Chakula chako si kibaya kama unavyodhani. Shida ni kwamba umewalisha samaki bila kuyalisha maji, na tilapia hupata sehemu kubwa ya riziki yake kwenye maji yenyewe.

Tuanze na ile gorogoro. Kifaranga wa kawaida anayeuzwa huku kwetu ana gramu 1 au 2. Vifaranga 1,000 wa gramu 2 ni kilo 2 tu, wote pamoja. Samaki wa umri huo hula takriban asilimia 10 ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo kidimbwi chako kizima kilihitaji gramu 200, kiasi kinachoenea kwenye mikono miwili iliyokingwa. Wewe ulimwaga gorogoro mbili. Pumba ni nyepesi, lakini hata hivyo uliwapa kila siku chakula kinachokaribia uzito wao wote. Walikula kidogo walichoweza. Kilichobaki kilizama, kikaoza, na uozo ule ukatoa amonia na kunyonya oksijeni ya chini, mahali ambapo vifaranga hujificha. Ndiyo sababu ya kwanza ya wafu ulioanza kuwaokota.

Sababu ya pili naihisi kutokana na ulivyoandika kwamba uliwamwaga. Mfuko uliotoka mjini ukiwa kwenye matatu saa nzima una joto lake, na maji ya kijito cha Luanda yana baridi yake. Tofauti ya nyuzi 5 tu inatosha kumvunja nguvu kifaranga, na huenda asife hapo hapo bali siku ya pili au ya tatu, ukadhani ni ugonjwa. Mfuko huelea kwanza juu ya maji ya kidimbwi ukiwa umefungwa, dakika 15 hadi 20. Kisha unaufungua, unaingiza maji ya kidimbwi kidogo kidogo kwa kikombe, halafu unaulaza ubavu ili watoke wenyewe. Fanya hivyo asubuhi mapema au jua likishuka, kamwe si saa saba mchana.

Sasa tuje kwenye maji, na hapa nakuomba usome polepole, kwani najua ninalosema litakwenda kinyume na ulichoambiwa.

Watu wengi wa milimani, kuanzia Maragoli mpaka Nandi, wanaamini kwamba maji yanayotiririka muda wote ndiyo maji mazuri ya samaki. Kwa trauti wa maji baridi ni kweli. Tilapia ni samaki wa maji yenye joto: hukua vizuri kati ya nyuzi 26 na 30, chini ya 20 hula kwa kusitasita, na yakishuka kufika 16 huacha kula kabisa. Kisumu iko ufukweni, mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na hata huko usiku wa Julai maji ya kidimbwi hupoa. Luanda iko juu zaidi, na wewe unaingiza maji ya kijito kilichopita kivulini, usiku kucha. Jua likipasha kidimbwi mchana, mfereji unakipoza upya. Samaki anayekaa kwenye nyuzi 20 atakula chakula cha bei yoyote na bado atakua nusu ya mwenzake wa Ahero, kule tambarare kwenye joto.

Na si baridi tu. Maji yanayotoka huenda na vile vijimea vya kijani visivyoonekana kwa macho, ambavyo ndivyo malisho ya tilapia. Ukitaka kujua kama kidimbwi chako kina malisho, simama ukingoni mchana kukiwa na jua, nyoosha mkono, kiganja kikitazama juu, uuzamishe taratibu. Kiganja kikipotea machoni maji yakiwa yamepita kifundo na kukaribia kiwiko, maji yana rutuba ya kutosha. Ukiendelea kuziona kucha zako huku maji yakiwa juu ya kiwiko, hamna kitu humo. Na kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kifundo, maji yamezidiwa: acha samadi, punguza chakula, ingiza maji mapya.

Kwa hiyo funga mfereji. Fungua tu kufidia maji yanayopotea kwa jua na kuvuja, mchana, na uweke wavu mdomoni ili samaki pori wasiingie.

Najua utaniambia: Aprili niliufunga, wakafa. Ni kweli, na hilo ndilo jambo linalonifanya niandike jibu hili hadharani badala ya kukupigia simu, maana wafugaji wengi wamefika kwenye hitimisho lile lile. Kufunga mfereji hakukuwaua. Kulifichua kilichokuwa chini. Miezi minne ya pumba zilizooza ilikuwa imelala kwenye tope, na maji mapya ya kijito yalikuwa yakifidia oksijeni iliyokuwa ikiliwa na uozo huo. Ulipoziba, fidia ikakoma. Kisha yakaja mawingu. Oksijeni nyingi ya kidimbwi hutengenezwa na vijimea mchana kwa nguvu za jua, halafu usiku kila kiumbe humo, vijimea vikiwemo, huitumia. Siku mbili bila jua, juu ya tope bovu, akiba huisha kabla ya kucha. Saa kumi na moja alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Samaki hupanda juu na kuvuta ile ngozi nyembamba ya maji inayogusana na hewa, na wakubwa hutangulia kufa kwa kuwa mahitaji yao ni makubwa. Midomo wazi uliyoiona ni hiyo.

Hata walio na chakula bora hupatwa. Novemba 2022 samaki wengi waliofugwa kwenye vizimba walikufa Ziwa Victoria upande wa Kisumu, na uchunguzi ulielekeza kidole kwenye upungufu wa oksijeni. Wale walikuwa wakilishwa tembe za kuelea za bei kubwa.

Nami nina langu. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, kwenye shamba moja karibu na Maseno, nilikabidhiwa ratiba ya kulisha iliyobandikwa ukutani. Asubuhi moja ya mawingu mazito samaki hawakuja juu walipoisikia ndoo. Niliona, nikashangaa, na bado nikamwaga kilo zote za ratiba. Kesho yake nikafanya vivyo hivyo. Siku ya tatu tuliwatoa kwa karai. Nimekumbuka ile asubuhi kila mara ninapoona mtu analisha huku akitazama simu. Samaki wasipokuja, funga ndoo urudi nyumbani. Wakiwa wanahema juu, usiwape hata punje. Fungua mfereji, piga maji kwa ndoo kutoka juu yaanguke kwa kishindo, na usubiri siku irudi kuwa ya jua.

Tukija kwenye vile vidagaa: hao ni watoto wa vifaranga wako. Tilapia huanza kuzaa akiwa na miezi mitatu au minne, hata akiwa na gramu 30 au 40 tu. Jike hubeba mayai na watoto mdomoni na wakati huo hawezi kula, kisha baada ya wiki chache anaanza tena. Chakula kinachopaswa kumnenepesha kinaishia kwenye mayai, na watoto wanagombania zile gorogoro mbili na wazazi wao. Ukipiga hesabu, tuseme wamebaki 700, samaki 700 wa gramu 60 ni kilo 42, na asilimia 4 ya hizo ni kilo 1.7 kwa siku. Yaani leo ndipo kiasi chako kingekuwa karibu na sawa, lakini walaji si 700 tena.

Ushauri wangu ni uvune wote. Kutoa hao wakubwa pekee na kuwaacha wadogo wakue ni kujidanganya, kwa sababu wengi wa hao wadogo hawatakua na majike yao yatazaa tena. Subiri wiki ya jua, koma kuwalisha siku moja kabla, toa maji, kokota wavu. Wanaofaa kuuzwa uza. Wadogo wakaangwe au waanikwe, ni chakula kizuri cha watoto. Kisha zoa lile tope jeusi la chini, upeleke kwenye migomba au sukuma wiki. Acha sakafu ikauke mpaka ipasuke nyufa. Udongo wa kwetu Magharibi mwingi una uchachu, kwa hiyo nyunyiza chokaa ya kilimo, kilo 30 hadi 60 kwa kidimbwi chako chote, sakafuni na kwenye kingo za ndani. Jaza maji yafike mita moja hivi. Weka samadi kavu ya kuku ndani ya kiroba kilichotobolewa, ukifunge kwenye kigingi pembeni, kilo 10 kwa wiki, ukikitikisa kila siku. Baada ya wiki mbili hivi maji yatakuwa ya kijani, nawe utapima kwa mkono wako kama nilivyosema. Kama ukingo una mikaratusi, kama ilivyo kwenye vidimbwi vingi vya huko kwenu, kata ile inayozuia jua la asubuhi. Kivuli chake hupoza maji, na majani yake yakianguka humo huoza na kuyafanya maji yawe kama chai.

Kwenye idadi ya kurudisha ndipo watu wengi hukosea kwa tamaa inayoeleweka. Kidimbwi kisicho na mashine ya hewa kina kikomo cha chakula kinachoweza kumeng'enywa na maji yake bila kuchafuka: takriban kilo 100 kwa hekta kwa siku. Chako ni mita za mraba 300, kwa hiyo kikomo chako ni kilo 3 kwa siku, basi. Samaki wa gramu 250 hula kama asilimia 2 ya uzito wake. Kilo 3 zinalisha kilo 150 za samaki wa namna hiyo, na kilo 150 ni samaki 600. Hiyo ndiyo idadi yako. Ukiweka 1,000 utakuwa umewagawia 1,000 chakula na hewa ya 600. Weka 650, ukijua wachache watapotea.

Waweke wakubwa kidogo. Kama fedha haziruhusu kununua wa gramu 10 au 20, nunua wadogo uwalee kwanza ndani ya kidimbwi kwenye kizimba cha chandarua, matundu yake yakiwa madogo, kilichofungwa kwenye vigingi vinne. Humo chura, mdiria na wadudu wa majini hawawafikii, na wewe unawaona wanavyokula. Wakishafika gramu 10 unawaachia. Juu ya kidimbwi tandaza nyuzi au wavu wa ndege, na fyeka nyasi za ukingo: kenge na fisi maji hupenda kuvizia kwenye vichaka.

Kuhusu chakula chenyewe, mchanganyiko wako una msingi mzuri. Omena safi ina protini kama asilimia 55 hadi 60. Pumba nzuri za mchele zina asilimia 11 hivi. Sehemu 2 za pumba kwa 1 ya omena, kwa uzito na si kwa gorogoro, hutoa karibu asilimia 26 au 27. Kwa samaki aliyezidi gramu 50, kwenye maji ya kijani, hicho kinatosha. Walio wadogo zaidi wanahitaji 35 kwenda juu, kwa hiyo miezi miwili ya kwanza nakusihi ununue chakula cha dukani cha kuelea. Hawali kingi wakati huo, gharama haitakuumiza, na hapo ndipo umbo la samaki hujengeka.

Lakini chunguza unachonunua. Chukua omena uliyosaga, ujaze kiganja, uitie kwenye glasi ya maji, ukoroge, usubiri. Inayouzwa rahisi kama "ya kuku" mara nyingi ilianikwa chini mchangani, na utauona mchanga umetulia kwenye kitako cha glasi. Nimewahi kuona ukijaza robo. Unalipia mchanga kwa bei ya protini. Tafuta iliyoanikwa juu ya nyavu. Pumba nazo zifinye: pumba halisi ni laini, zina mafuta kidogo, na hushikamana ngumini, zikikuchoma kiganjani ni makapi yaliyosagwa, na hayo samaki hawezi kuyatumia. Ukinunua kutoka vinu vya Ahero, uliza zile laini za kung'arishia mchele. Usinunue za miezi mitatu, mafuta yake huchacha upesi. Kitu chochote chenye ukungu, hata kidogo, kaa nacho mbali: sumu yake huharibu ini la samaki. Gunia liweke juu ya mbao, si kwenye sakafu ya simiti.

Omena ikipanda bei, nusu yake ifidie kwa mashudu ya alizeti au soya. Soya lazima ikaangwe kwanza. Mbichi ina kitu kinachozuia protini kumeng'enywa.

Unga unaomwagwa mkavu, sehemu yake kubwa huyeyuka kabla ya kuliwa. Pika uji mzito wa unga wa muhogo, ukande mchanganyiko wako nao hadi uwe kama ugali, upitishe kwenye mashine ya kusagia nyama, ukate vipande vidogo, uanike kivulini. Vipande hivyo viweke kwenye fremu ya mbao yenye wavu, uliyoizamisha kiasi cha dhiraa moja, mahali pale pale kila siku. Nusu saa baadaye inua fremu. Kikibaki chakula, kesho punguza. Wape saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, maji yakiwa yameshapata joto na hewa. Saa kumi na mbili asubuhi ni mapema mno.

Na kila mwezi pima. Vua samaki 30 kwa wavu, waweke kwenye ndoo yenye maji iliyokwisha kupimwa, soma mizani, gawanya kwa 30. Wakiwa na gramu 20, wape asilimia 5 ya uzito wa wote: 650 ni kilo 13, kwa hiyo gramu 650 kwa siku. Wakifika 50, asilimia 4. Wakifika 150, asilimia 2.5 hadi 3. Andika kwenye daftari la shule, tarehe upande wa kushoto.

Swali lako la dume watupu. Dume hukua haraka kuliko jike, na pasipo jike hakuna vidagaa, kwa hiyo ndio ninaokushauri. Huko kwenye mashamba ya kutotolesha, vifaranga hupewa chakula chenye homoni kwa wiki tatu hadi nne za mwanzo wa maisha yao, wakiwa bado wadogo sana, kisha homoni hukoma. Wewe utawavuna miezi sita au minane baadaye, na ile homoni itakuwa imeshatoka mwilini mwao zamani. Anayepaswa kujikinga kwa glavu ni yule anayechanganya chakula kile. Watoto wako wale bila hofu. Nunua mahali penye jina: kituo cha Kibos cha Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Ziwa, au uliza kwenye vituo vya taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, vya Sangoro na Kegati. Hata hao dume huwa na majike wachache waliopenya, kwa hiyo mwezi mmoja baada ya tilapia ongeza kambare 30 wadogo, wadogo kuliko tilapia wenyewe, nao watakusafishia watakaozaliwa.

Kabla ya yote hayo, kuna kazi ya wiki moja isiyohitaji kuvua hata samaki mmoja. Nunua kipimajoto. Ziba mfereji mchana na usiku kwa siku za jua tu, ukiwa karibu, na uufungue mara wakianza kuhema. Pima joto saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri, kipimajoto kikiwa kimezama kiasi cha mkono hadi kiwiko, kwa siku saba. Niandikie namba hizo kumi na nne. Asubuhi zikiwa juu ya 20 na alasiri zikivuka 25, vuna na uandae kidimbwi mara moja, urudishe vifaranga Septemba wakati baridi inaondoka, ili miezi ya jua kali ya Desemba hadi Machi iwakute wanakula. Zikiwa chini ya hapo, tuzungumze kwanza kuhusu mikaratusi.